Viboko vya Kumwonyesha Mke

Jirani yangu Mwanajuma anasema mume wangu alianza kulia kiboko cha tatu. Anasema aliita "Mama wee!" mpaka nyapara akacheka, kiboko cha saba akajikojolea, na cha kumi na mbili kikamkuta amekwisha zimia, kikatua juu ya nyama tu, kama mtu anapiga godoro.

Mwanajuma hakuwapo. Gerezani hawaingizi wanawake kutazama watu wakichapwa. Lakini aliyasimulia haya kisimani, ndoo iko kichwani, hakuitua, na kila aliposema "paa!" maji yalimmwagikia mabegani.

"Na bado, shoga," akaniambia. "Hivyo ni vya kuingilia. Vya kutokea vinamngoja."

Hapo hakusema uongo.

Kwa wewe ambaye leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nami: naitwa Sikudhani binti Mwinyimadi, wa huku mashambani kati ya Kibaha na Mlandizi. Nilisoma shule ya msingi, sikuendelea, nikaozwa kwa Hemedi ambaye shamba lake la mikorosho linapakana na la baba. Hemedi akavunja duka la ushirika usiku akitafuta doti za khanga za kunipendeza. Mlinzi alipomshika shati akampiga na mchi wa kinu, jicho likatoka. Kosa alilitenda. Mimi silifichi, na yeye mahakamani hakulikana.

Mahakama ya mwanzo ikampa miaka miwili na viboko ishirini na vinne. Kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka. Siku zile watu walikuwa na msemo wao juu ya hivyo vya kutokea. Walisema, "Akamwonyeshe mkewe."

Mkewe ni mimi.

Wanawake wengine wenye waume gerezani waliingoja siku ya kutoka kama Iddi. Mimi niliiogopa kama kaburi. Maana hivyo vya kuingilia nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa. Siku moja nilipokwenda kumtazama gerezani, askari aligeuza uso kuwasha sigara, Hemedi akapandisha kaptura kidogo. Nyama ilikuwa imekufa ikafanya shimo, shimo likatunga usaha. Lilifunga huku likipasuka kule, mwaka mzima na zaidi.

Mganga wa gereza alikuwa amemwambia waziwazi: "Mzee, ukipigwa tena hapo, wewe hutoki kwa miguu yako. Utatolewa."

Basi ikawa hivyo. Mwanamume anafungwa, na anachokiogopa ni kuachiwa.

*

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikikaa mahali watu husahau kuwa nipo, wakazungumza yao.

Siku moja nimekaa kwenye benchi la wageni, mwanangu Mwanahalima mgongoni. Huyu nilimzaa baba yake akiwa tayari ndani. Askari magereza wawili wakawa wanapiga soga kando yangu.

"Yule aliyemtoboa mlinzi jicho, anatembea kama babu yangu."

"Angekuwa babu yako asingechapwa. Sheria imesema aliyepita miaka arobaini na mitano haguswi na kiboko. Anafungwa tu. Yule ana arobaini, alisema mwenyewe kwa hakimu."

"Arobaini! Na magoti yale?"

"Wazaramo hao. Wakioa binti mdogo wanarudi utotoni."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka Hemedi piko kichwani kila Alhamisi ili Ijumaa aende msikitini na nywele nyeusi. Nywele zilipoota, nilikuwa naziona zilivyo chini, nyeupe kama pamba. Sasa gerezani walimnyoa upara, na upara hauna umri.

Alipoletwa nikamwuliza pale pale.

"Mume wangu, una miaka mingapi?"

"Si arobaini?"

"Uliponiposa arobaini. Ulipofungwa arobaini. Leo arobaini. Wewe hukui?"

Akatabasamu, kisha akaacha. "Nani kakutia maneno?"

Nikamweleza nilichosikia. Kwamba akikata rufaa, asipinge kufungwa, apinge viboko tu, kwa kuwa hakimu hakuwa na ruhusa ya kumpa. Nilidhani atainua mikono amshukuru Mungu. Hemedi akatazama chini.

"Sikudhani, viache vinipige. Ziko aibu zinazouma kuliko kiboko."

"Aibu ya uzee? Piko nakupaka kwa mkono wangu huu! Unamficha nani?"

"Hujui unachokifukua."

Nikaona ni ubishi wa mwanamume aliyeoa mtoto. Hasira ikanipanda. Nikamfungua Mwanahalima mgongoni, nikamsimamisha juu ya benchi mbele yake.

"Mtazame mwanao. Anajifunza kutembea. Unataka akujue wewe ukitambaa?"

Hemedi alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamwita karani wa gereza, na karani akamwandikia rufaa. Alipotia dole gumba kwenye wino mkono ulimtetemeka, wala haikuwa homa.

Hakimu wa wilaya kule Kisarawe aliitwa Leodegar, mtu wa bara, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mwendesha mashtaka akasema rufaa imechelewa sana. Hakimu akasema, "Imechelewa, ndiyo. Lakini adhabu isiyo halali haigeuki kuwa halali kwa sababu mtu alichelewa kulalamika."

Akaongeza kwamba daktari alimpima mfungwa na kusema ana kati ya arobaini na sitini.

"Huo si umri," akasema, "hiyo ni barabara. Nileteeni mtu anayeujua."

*

Hemedi hakutaka kunitajia mtu. Lakini mimi nilikumbuka jina moja alilolitaja mara nyingi alipokuwa na homa: Bernard wa Maneromango.

Nikapanda basi mpaka Dar, jingine mpaka Kisarawe, kisha lori la korosho ambalo lilitutupa huku na huko mpaka Mwanahalima akatapika. Nikamkuta mzee kibarazani anabangua korosho, vidole vimeungua kwa mafuta yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi na mtoto jua hili?"

"Mimi ni mke wa Hemedi."

Akaruka kama kijana. "Hemedi! Kumbe nakuita mwanangu bure, wewe ni mke wangu! Karibu, shemeji! Yuko wapi huyo mwizi wa mihogo?"

Nikamweleza yuko wapi. Nikamweleza na umri alioutaja. Mzee Bernard alicheka mpaka akakohoa, akajipiga paja.

"Arobaini! Basi mimi nitafutie mwanamke aninyonyeshe! Shemeji, mimi na Hemedi tuliingia kumbini kutahiriwa siku moja, mwaka Mjerumani anakimbia na Mwingereza yuko nyuma yake, na sasa ni karibu miaka hamsini. Tulisikia mizinga tukiwa na vidonda. Misheni walinibatiza baadaye, lakini kumbi lilitangulia. Nikatoe ushahidi? Nitautoa! Ila ya kumbini hayasemwi mbele ya mwanamke. Nikianza, wewe utatoka nje."

"Nitatoka."

"Shemeji una adabu. Wewe binti wa nani?"

"Wa Mwinyimadi wa Mlandizi. Naye nasikia asili yake ni huku huku."

Kicheko kikakatika kama kamba. Mzee akatazama korosho zake. Akamtazama Mwanahalima, akaondoa macho upesi, kama mtu aliyechungulia mahali asipotakiwa.

"Baba yako ana kovu chini ya kidevu?"

"Analo."

Akazisukuma korosho kando. Nikamwita, "Shemeji?"

"Usiniite hivyo tena, mwanangu." Sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Nenda. Nitakuja. Naapa nitakuja, ingawa afadhali mngeniacha nife kwanza."

Niliyahifadhi maneno yale njia nzima. Sikuyaelewa. Au labda sikutaka kuyaelewa.

*

Kosa langu nililifanya kwa baba. Nilikwenda kwake nikiwa na furaha. Alikuwa anakula na kaka yangu Twalibu, nikakaa kando, nikasema:

"Baba, nimempata shahidi. Mzee Bernard wa Maneromango."

Tonge likasimama njiani.

Sikuona sahani ikiondoka. Niliisikia usoni. Mchuzi wa moto ukaingia jichoni, na kabla sijajifuta baba alikuwa amekwisha shika fimbo ya kufukuzia nyani.

"Nani kakutuma Maneromango? Nani?"

Alinipiga mabegani, akanipiga mikononi nilipomkinga mtoto. Twalibu alikuja, nikadhani anakuja kunitetea. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamweka chini taratibu, kisha akarudi akanishika nywele ili baba apate nafasi.

"Ukikanyaga mahakamani huna baba," akasema mzee akihema. "Umesikia? Aache apigwe! Viboko havijaua mtu!"

"Vitamwua huyu, baba."

"Basi na afe!"

Mama angekuwa hai angeingia kati. Nililala chini mpaka vumbi la uani likashikana na damu ya pua yangu. Na hata pale chini, nilikuwa natazama. Nilimwona baba anavyoishika fimbo, na nikagundua jambo. Mkono ule ulikuwa unatetemeka kama mkono wa Hemedi juu ya wino.

*

Siku ya rufaa, mzee Bernard aliingia mahakamani mdomo umepasuka, shavu limevimba mpaka jicho limezama, na mkono wa kulia ameufunga shingoni kwa kitambaa. Alipotembea aliacha matone ya damu sakafuni.

Nyuma kabisa walikuwa wamekaa baba na Twalibu. Vifundo vya mkono wa Twalibu vilikuwa vimechubuka.

"Mzee, nani kakufanya hivi?" hakimu akamwuliza.

"Nimeanguka, bwana hakimu. Niliposhuka kwenye lori."

"Umeanguka mara ngapi?"

Watu wakacheka. Bernard hakucheka, maana mdomo usingemruhusu. Akaapa kwa Biblia kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema ana ombi, kuna mwanamke ndani na maneno yenyewe ni ya kumbini.

"Mahakama haina mlango wa wanaume," hakimu akasema.

Mimi nikasimama. "Bwana hakimu, natoka kwa hiari yangu."

Nikakaa barazani nje, Mwanahalima akiwa magotini. Nilisikia sauti ya Bernard ikienda kama maji mtungini, maneno siyasikii. Ikaenda, ikaenda. Halafu ikataja jina, na hilo nililisikia.

Jina la baba yangu.

"Mwongo! Kafiri mwongo wewe!"

Benchi likapinduka. Mtu akalia. Nikakimbilia ndani.

Baba alikuwa juu ya Bernard, mikono yote miwili kooni, na mzee wa watu anarusha miguu kama kuku aliyechinjwa. Askari alimvuta baba kwa shingo ya kanzu, kanzu ikachanika. Twalibu akampiga askari teke la tumbo. Askari wa pili akainua rungu, likatua juu ya kichwa cha kaka yangu kwa mlio kama dafu linapasuliwa, Twalibu akakaa chini taratibu, kama aliyechoka, damu ikimshukia katikati ya macho.

Na Hemedi, pingu mikononi, alikuwa anapiga kelele kizimbani:

"Mwinyimadi, basi! Basi! Umekwisha niua mara moja, inatosha!"

Walipotulizwa wote, Twalibu amebebwa nje na baba ameshikwa huku na huku, hakimu Leodegar aliokota karatasi zake sakafuni. Akaniona mlangoni.

"Wewe ndiwe mke wa mrufani?"

"Ndimi."

"Njoo karibu. Jambo hili linakuhusu, na sitaki ulisikie barabarani. Shahidi anasema walioingia kumbini siku ile walikuwa watatu kutoka kitongoji kimoja. Yeye. Mumeo. Na baba yako."

Mahakama nzima ikaguna. Wazee wa huku waliokuja kutazama kesi wakafunika nyuso.

Hakimu wa bara hakuelewa walichokigunia. Sisi tunaelewa. Watu wa kumbi moja damu yao imemwagika shimo moja. Ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Binti wa mmoja ni binti wa wote. Anayemwoa amemwoa mwanawe, na hapana imamu wala mganga wa kulisafisha hilo.

Mwanahalima alikuwa mikononi mwangu. Nilihisi watu wakimtazama. Wakisogea mbali nasi.

"Ulijua?" nikamwuliza Hemedi. Sikungoja ruhusa ya hakimu.

"Nilijua." Alikuwa analia. "Nilikuona, nikakupenda, nikamwambia baba yako haifai. Akasema haifai nini, huku Mlandizi nani anatujua? Akasema, nipe nusu ya mikorosho yako, mimi nitasahau kumbi na wewe usahau. Akasema watu wakikuuliza umri sema arobaini, maana ukisema wa kweli watauliza kumbi, na wakiuliza kumbi watatukuta wote wawili. Siku ya kuhukumiwa, hakimu aliponiuliza umri, baba yako alikuwa amekaa mbele yangu, ananikazia macho. Nikasema arobaini."

"Nawe ukakubali kuchapwa."

"Nilidhani naweza kuvimaliza."

Kumbe miaka yote ile mkono wangu uliokuwa unapaka piko, haukuwa unaficha uzee. Ulikuwa unaficha uchafu wangu mwenyewe.

Mwendesha mashtaka akasimama. Alikuwa mtu wa kazi yake, hakuwa na huruma wala chuki.

"Bwana hakimu, mrufani alisema arobaini kwa kinywa chake. Leo ana kila sababu ya kusema sitini. Shahidi wake ni mmoja, na ushahidi wake ameuanza kwa uongo. Amesema ameanguka kwenye lori, na sote tunaona lori hilo lilikuwa na ngumi. Tumwamini lipi?"

Hakimu akainamisha kichwa.

"Sheria haimwulizi mtu angependa kuwa na miaka mingapi," akasema. "Kama kweli alikuwa amepita arobaini na mitano, basi alichopewa na kile kinachomngoja si adhabu. Ni kumpiga mtu tu. Lakini umesema kweli, shahidi mmoja aliyejeruhiwa hivi hanitoshi." Akageuka. "Yupo mwingine aliyekuwamo kumbini. Mleteni mbele."

Wakamleta baba. Kanzu imechanika mpaka kifuani, kovu la chini ya kidevu liko wazi. Wakampa msahafu. Akaushika kwa mikono miwili.

"Mzee Mwinyimadi. Uliingia kumbini pamoja na huyu mfungwa, mwaka aliousema shahidi? Ndiyo au hapana?"

Baba akafumba macho.

Sikiliza hesabu yangu ilivyokuwa. Akisema ndiyo, viboko vinafutwa, Hemedi anatoka kwa miguu yake. Na mimi jua halitazama kabla sijawa mwanamke aliyelala na baba yake, na mwanangu hapana mtu atakayekula naye sahani moja. Akisema hapana, ndoa yangu inabaki ndoa, jina la mwanangu linabaki safi, wazee wale watarudi nyumbani wamtukane Bernard kwa ukafiri wake. Na mwezi ujao nitakwenda kwenye lango la gereza na machela.

Baba alijua hesabu hiyo kama mimi. Nilimwona anaipiga. Midomo ilikuwa inacheza.

Nikaenda mbele. Askari akanyoosha mkono kunizuia, hakimu akamwashiria aniache. Nikapiga magoti miguuni pa mtu aliyenivunja pua siku chache nyuma, na nikamweka Mwanahalima chini mbele yake, asimame mwenyewe.

"Baba," nikasema. "Aibu ni yangu, nami nimekwisha kuipokea. Usinifichie. Usimfichie huyu. Sema ndiyo, baba. Sema mzee wa watu asipigwe."

Mwanahalima akamshika babu yake goti ili asianguke.

Baba alifumbua macho akamtazama, kisha akanitazama mimi, msahafu ukiwa kifuani kwake, na hakimu akiwa ameinua kalamu. Ukumbi mzima ulimngoja. Akaachia msahafu kwa mkono mmoja, akamshika mtoto bega.

"Baba," nikasema tena.